Rivyu: karakana ya Unga Limited iliyookoa bloku la Land Rover 2.25 baada ya kuharibiwa kwingine

Wadau wa magari ya zamani, hasa nyie wenye Land Rover za sirizi mnaohangaika na moshi wa bluu (injini inaunguza oili), hii rivyu nilitakiwa niiandike miezi mitatu iliyopita ila nilisema ngoja kwanza gari litembee nione kama kazi ni ya kweli. Sasa limetembea, na naweza kusema kwa moyo mmoja kwamba hawa jamaa wa karakana ya mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ndio watu pekee ambao nitawapa tena bloku langu (lile chuma kubwa la injini lenye silinda ndani). Mwenye karakana kaniomba nisitaje jina kwa sababu kazi alizonazo zinamtosha na hataki foleni, nimeheshimu hilo, lakini walivyofanya kazi nitaeleza hatua kwa hatua ili popote ulipo ujue fundi anayejua kuchonga silinda anatakiwa afanyeje.

Gari ni 109 (ile ndefu) sirizi 3 ya 1979, petroli, cc 2286, ile injini ambayo krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inakaa kwenye metali kuu tatu, yaani beringi zake, maana za metali tano zilianza 1980. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshachoka na akalitumia shambani miaka yote hiyo, sisi wote tumesoma kwa hilo gari. Kwa hiyo mtu akiniambia tupa injini weka ya Toyota namuelewa lakini sitaki, nataka lirudi kama lilivyotoka.

Mwaka jana nilipeleka bloku kwa fundi mwingine, mji mwingine, simtaji. Alilitazama, akaingiza kidole kwenye silinda akasema "hii imekwisha, tunaenda oversaizi arobaini moja kwa moja", yaani kuipanua silinda kwa sehemu arobaini za elfu ya inchi ili iingie pistoni kubwa zaidi, na jioni ile ile akawa ameshachonga zote nne. Pistoni nilikuwa bado sijanunua! Mimi sikujua kwamba hilo ni kosa, niliona tu jamaa ana spidi. Pistoni zikaja baada ya wiki mbili, zikaingia, gari likawaka, nikafurahi. Baada ya wiki tatu asubuhi likiwa baridi linagonga ka-ka-ka kama mtu anapiga bati, likipata moto linanyamaza, halafu moshi wa bluu nyuma na oili lita moja kila kilomita 200. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya silinda ya tatu ilikuwa psi 85, nyingine ziko kwenye 110. Yaani hela yote ile na gari limerudi bovu kuliko lilivyoenda.

Ndipo nikaelekezwa huku Unga Limited. Nimefika na bloku kwenye kirikuu, mzee mwenyewe katoka, umri wake sitini na kitu, kavaa ovaroli safi kabisa, kanisalimia, na swali la kwanza halikuwa hela wala unataka lini, kaniuliza "mwanangu, pistoni zako ziko wapi?" Nikamuonyesha zile nilizotoa. Akaziosha, akachukua mikrometa akazipima moja moja, halafu akachukua ile geji ya saa ya kupimia ndani ya silinda. Silinda moja anaipima sehemu sita: juu karibu na pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati, chini, na kila sehemu anapima mara mbili, upande wa kuelekea krenki na upande wa kukatisha. Anamwambia kijana wake, kijana anaandika kwa chaki kwenye bloku lenyewe pembeni ya kila silinda. Hakuna kubahatisha.

Majibu yake yaliniumiza. Injini hii silinda yake ya kiwandani ni milimita 90.47, ukienda oversaizi 40 unafika kama 91.49. Sasa pistoni zangu zilikuwa sawa na karatasi yake, tatizo ni silinda. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ilikuwa thau 7 (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi) na ile ya tatu ikafika 9, wakati kwa pistoni za aina yangu inatakiwa kuwa hapo kwenye 2 na nusu hivi. Na silinda zilikuwa zimechongwa pana zaidi juu kuliko chini. Mzee akasema kwa upole tu, "huyu alichonga kwanza ndio akatafuta pistoni", basi, hakumtukana mtu.

Hapo naomba nikae kidogo maana ndio kiini cha mambo na watu wengi hawaelezwi. Pistoni zimeandikwa +20 au +40 kwenye boksi lakini hilo ni jina tu, kampuni tofauti zinaachia nafasi tofauti, na hata ndani ya seti moja unaweza kukuta moja imepishana kidogo na mwenzake. Kwa hiyo silinda inachongwa kufuata pistoni iliyopo mezani, na kila pistoni inapewa namba ya silinda yake. Tena pistoni yenyewe sio duara kamili! Mzee alinipa mikrometa nipime mwenyewe: ukipima sketi yake (sehemu ya chini) upande wa pini unapata kipimo kidogo, ukiigeuza robo unapata kikubwa. Imetengenezwa hivyo makusudi kwa sababu upande wa pini ni mnene zaidi na ikipata moto inatanuka zaidi upande huo, ndipo inakuwa duara. Na pistoni ni aluminiamu, inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, ndio maana ukibana sana inakwama ikipata moto na ukiachia sana inacheza na kugonga ikiwa baridi. Fundi anayepima pistoni upande wowote tu ameshakosea kabla hajawasha mashine.

Kwa vile nilikuwa nimeshafika mwisho wa oversaizi, hakukuwa na pa kwenda zaidi ya kuweka slivu (bomba jipya la chuma linaloshindiliwa ndani ya silinda) na kurudi saizi ya kiwandani. Kabla ya hapo wakaziba njia za maji wakajaza hewa wakazamisha bloku kwenye tangi la maji kuangalia kama kuna ufa au sehemu iliyoliwa na kutu, maana Land Rover nyingi huku zimetumia maji ya mfereji miaka na miaka bila kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu) na kuta zinakuwa nyembamba. Langu likawa zima, alhamdulillah. Wakachonga tundu la slivu dogo kidogo kuliko slivu yenyewe, kama thau 2 hivi, ili ikiingia ibanwe, wakazishindilia kwa presi moja moja taratibu, wakasawazisha uso wa juu wa bloku. Halafu mzee akasema nenda kalete pistoni mpya za standadi, mpaka nizione sigusi kitu.

Nikazunguka wiki nzima. Kuna maduka wanakuuzia pistoni haina alama, haina karatasi, ukiuliza vipimo wanakwambia "inaingia tu mkuu". Mwishowe nikaagiza Uingereza kupitia mtu, zikafika zimekamilika na ringi zake, pini na klipu. Mzee kazipima, kaziweka kwenye mizani ndogo zote nne, karidhika.

Kuchonga kwenyewe sikuruhusiwa kusogea karibu ila nilisimama pale. Mashine ya kuchongea haimalizi kipimo, wanaacha kama thau 2 au 3 halafu wanamalizia kwa kuhoni, yaani kusugua kwa mawe. Kila baada ya muda kidogo wanasimama, wanafuta, wanapima. Na kipimo cha mwisho hawachukui bloku likiwa na joto, waliacha likapoa usiku kucha wakapima asubuhi, kwa sababu chuma cha moto kinadanganya. Hii peke yake ilinifanya niwaamini. Ukuta wa silinda ukiangalia unaona mistari inakatana kama wavu, sio laini kama kioo. Wengi tunadhani laini ndio bora, kumbe ile mistari ndiyo inashika oili na ndiyo inasaidia ringi kukaa na kujisaga na ukuta mwanzoni. Silinda iliyong'aa kama kioo oili inapita tu na moshi haukatiki.

Kuosha: maji ya moto na sabuni ya unga na brashi, sio petroli, sio dizeli. Kijana wa pale aliniambia petroli inaondoa mafuta tu ila vumbi la mawe linabaki kwenye ile mistari na linakula ringi kama msasa. Ukishaosha unafuta kwa kitambaa cheupe chenye oili, kikitoka kijivu unarudia. Tulirudia mara nne. Mara ya nne kilitoka cheupe, papo hapo tukapaka oili maana chuma kitupu kinaota kutu ndani ya lisaa.

Kufunga nilifanya nyumbani na fundi wangu wa siku zote, ila mzee alitufundisha vitu bure kabisa. Kila ringi iingize kwenye silinda yake kwanza, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Zangu zilikuja kati ya thau 16 na 18, nzuri. Ikiwa imebana unaipiga tupa kidogo, ukiipuuza ringi ikipata moto ncha zinagusana na inavunjika au inakwangua ukuta. Alama ya TOP iangalie juu, mianya isipangane mstari mmoja, mshale wa pistoni uelekee mbele, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na kofia yake visichanganywe namba. Tulipaka oili, tukabana ringi kwa mkanda, tukagonga kwa mpini wa nyundo kidogo kidogo, na kila tukifunga pistoni moja tunazungusha krenki kwa mkono kuhisi kama kuna inayokwama. Hakukuwa na hata moja.

Sasa mapungufu yao maana sio malaika. Waliniambia siku kumi ikawa wiki tatu, na simu hawapigi, usipokwenda mwenyewe hujui kinachoendelea. Risiti niliomba mara mbili ndio nikapewa. Mahali pa kusubiri hakuna, unasimama kwenye jua na vumbi la barabara ya pale. Bei nayo ni karibu mara mbili ya yule wa kwanza, lakini nikijumlisha nilichopoteza kwa yule wa kwanza, pistoni, gasketi, oili na slivu ambazo zisingehitajika kabisa, huyu ndiye wa bei rahisi. Kwenye mawasiliano nawapa 2 kati ya 5, kwenye kazi 5 kamili na kama ingekuwepo 6 ningetoa.

Kulifungua gari, yaani kuizoesha injini mpya, mzee alituambia tusiliache likiunguruma tu limesimama, likishawaka na oili imepanda liingizwe barabarani, kilima lipande kwa nguvu kiasi, mteremko liachiwe, spidi ibadilike badilike, na oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 800. Tulifanya hivyo kwenye njia ya Usa River kwenda na kurudi, siku sita. Oili tuliyomwaga ilikuwa na vumbi la chuma la kung'aa kidogo, alisema ni kawaida ya ringi kujisaga. Kompresheni sasa silinda zote ziko kati ya psi 135 na 140.

Tangu oili ya pili limetembea kilomita 1,800 na oili kwenye kijiti cha kupimia imeshuka unene wa kucha tu. Jumamosi iliyopita nimeenda nalo Longido na mama, magunia sita nyuma, mlima tumepanda gia ya tatu bila kulia. Mama ndiye aliyekuwa anafua nguo za marehemu baba zikinuka moshi wa lile gari miaka yote, na tuliposhuka alizunguka nyuma akainama kwenye ekzosi akakaa hapo muda, akaniuliza "hili ni lile lile?" Nikamwambia ni lile lile mama, bloku ni lile lile.