Opera ya Lyon: nje ya kizamani, ndani weusi mtupu, na bado nimeipenda

Aisee ukifika Lyon kule Ufaransa usiishie kupiga selfi pale Place de la Comédie ukaondoka zako, tafuta tiketi hata ya bei ya chini uingie ndani ya jumba la opera. Kwa nje ni jengo la mawe la 1831, matao chini, juu masanamu ya wale miungu wa kike wa sanaa (wapo 8 wakati Wagiriki wanahesabu 9, mmoja sijui alikosa nafasi 😂), halafu nyuma ya masanamu linachomoza kuba kubwa la vioo na chuma. Hiyo kazi ya msanifu majengo Jean Nouvel, ilifunguliwa 1993. Jamaa alikomba kila kitu ndani akabakiza kuta za nje na foya ya zamani (chumba cha watazamaji kupumzikia), akachimba chini ghorofa 5, akapandisha juu mpaka zikafika 18, yaani ukubwa umekuwa kama mara tatu na kiwanja ni kilekile! Kule juu kwenye kuba ndo wachezaji wa baleti wanafanyia mazoezi.

Sasa ndani. Nyeusi. Sakafu nyeusi, kuta nyeusi, na ukumbi wenyewe umening'inizwa hewani, unapita chini ya tumbo lake jeusi linang'aa ndo unapanda eskaleta na vidaraja, kama unaogopa urefu shika reli usitazame chini. Shemeji yangu anayeishi huko haipendi kabisa, anasema fundi alisahau kurudi kupaka rangi. Mi nikamwambia subiri tufike foya, maana ukitoka kwenye giza lile ukaingia chumba cha dhahabu na mapambo ya karne ya 19 macho yanashtuka, na nadhani bila ule weusi hiyo dhahabu tungeipita tu kama tunavyozipita zingine zote Ulaya.

Ukumbi una viti kama 1,100, roshani juu ya roshani, kwa hiyo huko juu chagua vya katikati, vya pembeni ni bei rahisi ila jukwaa unaliona nusu. Maneno yanayoimbwa yanaandikwa juu ya jukwaa kwa Kifaransa, kama hujui lugha soma hadithi nyumbani kwanza. Metro shuka Hôtel de Ville, laini A au C, ukitoka tu umefika. Na suti sio lazima jamani, watu kibao walivaa jinzi.