Kebo Kabla ya Antena: Mwongozo wa Kununua Koaksi na Koneta kwa Redio ya Ridhaa nchini Uganda

Mtu anayeanza redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio ya kujifurahisha yasiyo ya biashara, hapa Uganda, akishapewa leseni na Tume ya Mawasiliano pamoja na alama ya wito (jina la kituo chake hewani) inayoanza na 5X, kwa kawaida humaliza fedha zake kwenye redio, kisha kwenye antena, na kebo huinunua kwa zile shilingi zilizosalia. Ningemshauri afanye kinyume. Antena ya masafa mafupi inatengenezwa nyumbani: ukigawanya 143 kwa masafa unayoyataka katika megahezi, unapata urefu wa waya kwa mita, kwa hiyo megahezi 7.1 zinahitaji mita 20 hivi, zikatwe katikati na kebo iunganishwe hapo. Waya wa umeme wa nyumbani unatosha, na nguzo za mkalitusi hazikosekani. Kebo ya koaksi, ile ya duara yenye waya wa kiini uliozungukwa na plastiki kisha msuko wa nyuzi za metali, kinyume chake, hakuna fundi atakayeiunda uani kwako, na ubaya wake hauonekani kwa macho mpaka siku ambayo husikiki.

Namba moja naiweka RG-213. Ni kebo nene ya milimita 10.3, yenye omu 50 (kipimo cha ukinzani wake kwa mawimbi ya redio), na kiini chake ni nyuzi saba za shaba. Kwenye megahezi 145 hupoteza takriban desibeli 8.5 (desibeli ni kipimo cha upotevu wa nguvu) katika mita 100, maana yake ni kwamba redio ya wati 50 ikipitia mita 20 hufikisha kwenye antena wati 34 hivi. Kwenye megahezi 7 upotevu wa mita hizo 20 ni mdogo kiasi cha kutojali. Inavumilia kupindwa, ganda lake jeusi linastahimili jua, nayo hukubali risasi ya kulehemu bila ugomvi.

Ya pili ni LMR-400 na zinazofanana nayo. Unene ni uleule, lakini upotevu hushuka hadi desibeli 5 hivi kwa mita 100 katika megahezi 150, na ndiyo ningeichagua kwa mtu anayetaka kufikia kituo cha marudio (kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) kilicho mbali au anayetumia megahezi 430 na kuendelea. Kiini chake ni alumini iliyofunikwa kwa shaba. Usidhani umeuziwa bandia, kwani ndivyo ilivyosanifiwa. Hata hivyo kiini hicho ni kigumu na hakipendi kupindwapindwa, kwa hiyo haifai kwa antena inayozungushwa, na kwa mtu wa masafa mafupi pekee gharama yake ya ziada haina faida inayosikika.

Nafasi ya tatu itawashangaza wengi: RG-6, kebo ya dishi la televisheni. Wakongwe huikataa kwa sababu ni ya omu 75, ilhali redio zetu zimetengenezwa kwa omu 50. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina uzito mdogo kuliko inavyosemwa, kwa kuwa tofauti hiyo peke yake huleta uwiano wa mawimbi (SWR, kipimo cha nguvu inayorudi nyuma kwenye redio) wa 1.5 kwa 1, ambao redio nyingi huuvumilia, na antena ya waya iliyokatwa katikati na kuinuliwa vya kutosha hukaribia omu 70 yenyewe. Inapatikana katika kila mji wenye fundi wa madishi, na kwenye megahezi 145 hupoteza kidogo kuliko RG-58. Kasoro zake ni mbili. Kiini cha RG-6 nyingi ni chuma kilichopakwa shaba nyembamba, hivyo upotevu huongezeka kwenye masafa ya chini kama megahezi 3.5; na msuko wake wa alumini haushiki risasi, ndiyo maana lazima utumie koneta za F za kubana, kama za dishi, pamoja na kigeuzi cha kuziunganisha na koneta ya redio.

RG-8X, yenye milimita 6 hivi, ni nzuri kwa kituo cha kuhamishwahamishwa, nami sina zaidi la kuisemea.

Mwisho kabisa ni RG-58. Ikiwa halisi, inafaa kwa mita tano za kuunganishia antena ya gari, au kwa mita 20 kwenye megahezi 7, ambapo wati 100 hutoka zikiwa zaidi kidogo ya 80. Kwenye megahezi 145 mita hizo 20 humeza desibeli 4 hivi, na wati 50 zako huwa 20. Shida kubwa zaidi ni zile za bei ya chini. Niliwahi kununua mita 30 Kampala, na nilipoichuna nyumbani nikakuta msuko wake ni nyuzi chache zinazoacha plastiki nyeupe ikichungulia. Tangu hapo naenda dukani na kisu kidogo na sumaku. Omba kuchuna ncha ya sentimita mbili: msuko mzuri hufunika karibu plastiki yote, kiini cha shaba hakinaswi na sumaku, na ukikikwaruza rangi haibadiliki. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwa upande wa koneta, PL-259 ndiyo inayoingia kwenye redio nyingi, na inatosha mpaka megahezi 150 hivi. Chagua yenye kihami cheupe cha teflon, kwa kuwa plastiki ya kawaida huyeyuka unapolehemu, na tumia pasi ya kulehemu yenye nguvu, wati 80 au 100. Koneta ya N ni bora zaidi kwa masafa ya juu na huzuia maji, PL-259 haizuii. Katika nchi yenye misimu miwili ya mvua jambo hili si dogo: maji yakiingia husafiri ndani ya msuko mita kadhaa, na kebo hairudi tena kuwa nzima. Funga kila koneta ya nje kwa tepu ya mpira inayojigandisha, kisha juu yake tepu ya kawaida, na uiache kebo ining'inie kama kitanzi kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje.

Nunua pia kizuia radi, ukiunganishe na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, lakini usikitegemee peke yake. Ngurumo za kandokando ya Ziwa Nalubaale (Viktoria) zinapoanza kusikika, mawingu yakiwa bado mbali, ng'oa kebo kwenye redio na uiweke nje ya nyumba.

Kabla ya kwenda dukani, pima njia nzima kwa kamba, kutoka kwenye meza hadi kwenye antena, uongeze mita mbili na ununue kipande kimoja kisicho na kiungo.