Upekuzi rasmi wa ardhi: huduma ya kulipia kabla hujatoa hata shilingi ya nyumba

Presha nyingi ya kununua nyumba Dar es Salaam inatokana na hela kutangulia ukaguzi. Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja jioni, mnunuzi anatoa milioni kadhaa za "kushika nyumba", na ndipo anaanza kuuliza nyumba ni ya nani. Kati ya huduma zote zinazolipiwa katika biashara hii, yaani udalali, uwakili, uthamini na upimaji, inayoondoa presha hiyo kwa gharama ndogo ni upekuzi rasmi kwenye rejista ya hati. Bahati mbaya ndiyo inayorukwa zaidi. Tunaipendekeza bila kusita kwa kila nyumba yenye hati miliki, mradi mtu ajue inapoishia.

Inavyofanyika ni rahisi. Omba muuzaji nakala ya hati, unukuu namba ya hati, namba ya L.O. (Land Office, yaani ya faili la ofisi ya ardhi), namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Muuzaji anayekataa kutoa hata nakala ameshakujibu. Peleka maombi ofisi ya ardhi ya mkoa. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo mtu wa Mtwara au Kigoma hahitaji tena kufuata faili mbali. Utapewa namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, na utalipia benki au kwenye simu. Anayetaka ada hiyo mkononi au kwenye namba yake binafsi usimpe. Majibu yanatoka kwa maandishi, na yanataja mmiliki aliyesajiliwa, muda wa milki, na kama kuna rehani, zuio (pingamizi la mtu mwingine anayedai haki) au amri ya mahakama.

Upekuzi ufanywe na wewe au wakili wako, basi. Karatasi ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji au dalali haina kazi hata kama ina muhuri, kwa sababu muhuri unaghushiwa na tarehe inafutika. Hata upekuzi wa kweli unachakaa: rehani inaweza kusajiliwa wiki moja baada ya majibu kutoka. Kwa hiyo fanya mara mbili, kabla ya kusaini mkataba na tena karibu na siku ya kulipa kiasi kikubwa. Gharama ya mara ya pili si kitu ukiilinganisha na bei ya nyumba.

Majibu yakishafika, yasome neno kwa neno. Jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Tofauti ndogo kama "Ally" na "Ali" hurekebishwa kwa kiapo cha majina, na ni heri ifanywe mapema kuliko faili kurudishwa wakati wa uhamisho. Angalia muda uliobaki. Milki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028. Muuzaji hawezi kukuhamishia zaidi ya alichonacho, na hilo lapaswa kuonekana kwenye bei. Kama kuna rehani, usimpe muuzaji hela "akalipe benki". Chukua barua ya benki inayotaja deni lililobaki, lilipe moja kwa moja benki, na hati itoke pamoja na fomu ya kufuta rehani.

Jina la marehemu likitokea, simama hapo. Nyumba za urithi ndizo zinazoumiza watu kuliko zote, maana anayeuza huwa ni mtoto wa kweli wa mwenye nyumba, anaishi humo na majirani wanamjua, lakini hana mamlaka ya kuuza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na usimamizi wake usajiliwe kwenye hati kwanza. Kikao cha ukoo hakitoshi, hata wakisaini wote.

Sasa mipaka ya huduma hii. Upekuzi unasoma rejista, hauendi uwanjani. Hautakuambia kama nyumba unayoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye hati, na katika maeneo ya viwanja vilivyopimwa kwa wingi, kama Kibada au Tuangoma, kuonyeshwa kiwanja cha jirani si jambo la ajabu. Mpeleke mpima ardhi aliyesajiliwa na nakala ya ramani ya upimaji, atafute mawe yote ya pembeni na apime kwa GPS ya kitaalamu. Simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa. Mwambie akupimie pia umbali hadi barabara na mto. Sheria ya Barabara ya 2007 inaacha hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na Barabara ya Morogoro ina hifadhi pana zaidi, kama walivyoona wa Kimara mwaka 2017 nyumba zao zilipovunjwa. Kando ya mito na bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisijengwe.

Ndoa nayo haionekani kwenye majibu kama jina lililosajiliwa ni moja. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenzi, na bila saini yake uuzaji unaweza kubatilishwa. Wakili anayechukua mkataba bila kuuliza habari ya mke au mume, badilisha.

Kwa nyumba isiyo na hati, huduma hii haisaidii. Leseni ya makazi si hati, na muhuri wa serikali ya mtaa hauhamishi umiliki. Mwenyekiti ni shahidi tu, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa na baadhi ya ofisi za mitaa usiitoe kwa kudhani inakulinda.

Muuzaji anafaidika vilevile. Akifanya upekuzi wa nyumba yake kabla ya kutangaza, atagundua zuio la zamani, rehani iliyolipwa bila kufutwa au malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi wakati bado ana nafasi ya kuyamaliza. Akusanye na risiti za ujenzi: kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa kwenye faida ya kuuza nyumba, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na gharama zenye ushahidi zinapunguza faida hiyo.

Udhaifu mkubwa wa huduma ni muda. Faili lililo kwenye mfumo wa kompyuta linajibiwa haraka. La zamani lisilohamishwa bado linaweza kuchukua wiki. Kwa hiyo mkataba uweke siku za kutosha, na hela ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, zisainiwe, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ulipwe na uhamisho usajiliwe. Hati ikitoka, fanya upekuzi wa mwisho kwa jina lako, kisha ubadilishe jina kwenye kodi ya pango na kwenye mita ya LUKU.