Tiba ya mazungumzo kwa anayeamini anaandamwa: maoni ya dada wa mgonjwa

Naandika kuhusu kliniki ya afya ya akili anakotibiwa mdogo wangu. Jina la kliniki naliacha, maana nina lawama moja nzito na sitafuti ugomvi.

Mdogo wangu anaamini kuna watu wanamfuatilia. Wanapokezana zamu nje ya nyumba, wanasikiliza simu yake, na mmoja wao alishatia kitu kwenye chakula. Ikafika mahali anakula mayai ya kuchemsha tu, kwa kuwa ganda haliwezi kufunguliwa yeye asijue. Nyumbani kila mmoja alikuwa na hoja ya kumpinga, naye alikuwa na jibu moja: anayepinga sana ndiye aliyetumwa.

Mtaalamu wa saikolojia hakumpinga. Aliuliza kwanza kama kuna mtu aliyewahi kumtishia kweli, swali ambalo sisi halikutujia kabisa. Daktari naye aliulizia bangi na dawa nyingine, akapima damu kuona kama kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Kisha wakaanza na usingizi! Nilishangaa, lakini asiyelala huona hatari kila upande. Baada ya hapo wakashika wasiwasi: akapangiwa muda maalumu wa kuwaza hofu zake jioni, na zikimjia mchana aziahirishe hadi saa hiyo.

Sehemu ngumu ilikuwa kofia. Hatoki bila kofia, habadilishani macho na mtu, kila siku anapita njia tofauti. Mtaalamu alimweleza kwamba anayejikinga muda wote huamini kinga ndiyo iliyomwokoa, hivyo hapati kamwe nafasi ya kujua kama hatari ipo. Wakatoka pamoja, kichwa wazi, mpaka dukani na kurudi.

Utaratibu wa namna hii umefanyiwa utafiti. Kundi la Daniel Freeman, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, lilichapisha matokeo mwaka 2021: wagonjwa 130 ambao imani hizo ziling'ang'ania licha ya matibabu. Kati ya waliopata tiba hiyo, takriban nusu walipona imani yenyewe. Hata waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu walipata nafuu, ingawa ndogo zaidi, na mimi hilo silidharau: upweke ni mbolea ya ugonjwa huu. Dawa hazikuachwa. Anatumia zile zinazopunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Zimemnenepesha, na daktari alituonya mapema.

Vikao vya familia vilikuwa vifupi mno kwa maoni yangu, ila tulipata sentensi ya kutumia: "Naona unaogopa, na sitaki ubaki na hofu hii peke yako." Humkubalii, humkatalii. Tukaambiwa pia ni lini tusisubiri miadi: akianza kubeba silaha ya kujilinda, akigoma kula na kunywa, akizungumzia kujiua, au akimtaja mtu fulani kwamba lazima amkomeshe.

Sasa lawama. Chumba cha kusubiri kina kamera juu ya viti, na majina yanaitwa kwa kipaza sauti. Kwa mgonjwa mwingine ni kero ndogo. Kwa anayeamini anarekodiwa, ni sababu tosha ya kugeuka mlangoni, na mdogo wangu aligeuka. Nilimlalamikia mhudumu wa mapokezi, akanijibu kuwa kamera ni za usalama. Usalama wa nani?

Mtaalamu humuuliza anaiamini hofu yake kwa kiasi gani kati ya mia. Alianza na mia kamili. Siku hizi husema hamsini, siku mbaya sabini. Anakula tunachopika, mradi apakue mwenyewe.

Ningempeleka tena hapo hapo. Ukienda na wako, omba miadi ya kwanza asubuhi, subirini nje kwenye benchi, na mwambie mtaalamu mapema aje kuwaita yeye mwenyewe. Wetu alikubali bila shida.