Nina sentimita 151: trenchi koti lililonikaa, na lile lililonishinda

Nina urefu wa sentimita 151 na kilo 46. Nilipohamishiwa Njombe kufundisha, nikitokea Dar es Salaam ambako sweta ni nguo ya kupanda nayo basi la usiku, kila aliyeniaga alinihimiza kitu kimoja: tafuta koti. Walikuwa wakweli. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi ukungu unakuwa umelala juu ya mashamba ya chai, manyunyu hayaishi, halafu kuna upepo. Nilitaka trenchi koti, lile koti refu la kitambaa lenye mkanda kiunoni, kwa sababu linazuia upepo na manyunyu, na bado unaingia nalo darasani ukiwa nadhifu.

La kwanza niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni. Picha ilinivutia, nikaandika "naomba S", yaani saizi ndogo, nikalipa shilingi 85,000, likaja kwa basi. Kifua kilinitosha vizuri kabisa, ndiyo maana nilichelewa kuelewa tatizo liko wapi. Mshono wa bega ulianguka vidole vitatu chini ya mfupa. Mikono ilifunika vidole vyangu. Mkanda, ambao ndio unaolipatia koti hili umbo lake, ulikaa kwenye nyonga badala ya kiunoni, na pindo lilifika karibu na vifundo vya miguu. Mifuko ilikuwa chini mno, nikitaka kuingiza mikono lazima niinamishe mabega. Niliomba kulirudisha, nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi.

Nikalipeleka kwa fundi karibu na stendi, baba wa makamo anayeshona suti. Alilitandaza mezani, akapima, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, urefu nitakukatia leo hii hii. Bega siligusi." Akanionyesha sababu. Kupandisha bega la trenchi koti ni kufumua mkono, kola, vile vipande vya juu ya bega vyenye kifungo, na bitana yote ya ndani, halafu mkono unaobaki unakuwa mpana kuliko tundu jipya la kwapa. Gharama yake ingepita bei ya koti. Nilimsihi akate urefu angalau. Akatoa sentimita 25. Mpasuo wa nyuma ukabaki mfupi kama kiganja, mifuko ya ndani ikakaribia pindo, na koti likawa pana na fupi, kama limekatwa kwa bahati mbaya. Akahamisha lupu za mkanda akazipandisha sentimita 7, na pale zilipotoka pakabaki matundu ya sindano yanayoonekana hadi leo. Kazi yake ilikuwa safi. Koti lenyewe ndilo lilikuwa la mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani kila dada mfupi alijue kabla hajatoa hela. S inapunguza upana tu. Anayekata S kwa kawaida anamfikiria mwanamke mwembamba mwenye urefu wa wastani, kwa hiyo kiuno, mifuko, viwiko na lupu vinabaki mahali pa mtu mrefu kuliko sisi. Nguo yenye neno "Petite" kwenye lebo, hasa zile za kutoka Uingereza na Marekani, imekatwa upya kwa mtu wa takriban sentimita 160 kushuka chini: kiuno kimepandishwa, mkono umefupishwa, mfuko umesogezwa juu. Wewe mwembamba wa sentimita 172 utavaa S na itakukaa. Mimi na S tunakutana kifuani tu.

Na trenchi koti ni gumu kwetu kuliko koti jingine lolote, kwa sababu lina vitu vingi. "Trenchi" ni handaki. Kitambaa chake cha asili, gabadini, kilibuniwa na Thomas Burberry mwaka 1879, na umbo tunalolijua lilienea kwa maofisa wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vile vipande vya begani vilikuwa vya kuwekea alama za cheo. Kile kipande kikubwa cha mgongoni ni cha kutelezesha maji ya mvua. Kifuani kuna kipande kingine, mikononi mikanda, kiunoni mkanda mpana, na mbele vifungo safu mbili. Vyote hivi vilipangwa juu ya mwili wa mwanajeshi. Ukiviweka kwenye bega la sentimita 36 vinagombea nafasi. Siku hizi nikiona koti lenye kila kitu hicho kwa ukubwa wake kamili, naliacha hata kama rangi ni nzuri.

Likizo ya Desemba niliporudi Dar nilikwenda soko la mitumba la Karume na futi kamba kwenye pochi na sweta zito mkononi. Watu walinishangaa na lile joto, lakini koti la baridi linajaribiwa juu ya sweta, vinginevyo utalinunua la Dar ukalivae Njombe. Nilikuwa nimeandika vipimo vyangu: bega 36, kutoka shingo ya nyuma hadi kiunoni 36, kutoka mshono wa bega hadi kifundo cha mkono 51, kutoka shingo hadi gotini 86. Kijana wa meza ya tatu alinipokea vizuri. "Dada, umekuja na futi kabisa! Basi subiri, robota la makoti tumefungua asubuhi." Akaanza kunivutia moja moja.

Mengi niliyarudisha bila kuyavaa. Nilipima bega kwanza, na likizidi 38 sikuendelea. Kama mkono umeunganishwa kwa mshono unaotoka shingoni kwenda kwapani, hapo hakuna mshono wa bega wa kupima, kwa hiyo nilivaa na kuangalia kama kitambaa kinajikunja karibu na kwapa. Mkono wa aina hiyo unasamehe kidogo, ila ukizidi sana unakufanya uonekane umeinama. Kisha nikapima kutoka shingoni hadi kwenye lupu. Kipimo hiki watu wengi hawakijali, wakati ndicho kinachoamua kama koti litaonekana ni lako. Lile la kwanza lilikuwa na 44. Mimi nilitafuta 36 hadi 38.

Lililonipata lilikuwa rangi ya kaki, pamba iliyochanganywa na polista, na lebo yake iliandikwa kwa Kichina. Wengi wanaipita lebo kama hiyo kwa sababu hawaisomi, na mimi ningeipita. Lakini kuna sehemu iliyoandikwa 155/80A, na hiyo haihitaji kujua Kichina. Namba ya kwanza ni urefu wa mwili, sentimita 155. Ya pili ni mzunguko wa kifua, 80. Herufi ni aina ya umbo, A ikiwa umbo la kawaida. Maana yake aliyelikata alimfikiria mtu wa urefu unaokaribia wangu tangu mwanzo. Hata nguo mpya nyingi za Kariakoo zina namba hizo kwenye lebo ya ndani, hata kama nje wamebandika S au M. Zitafute: 150 na 155 ndizo zetu, 165 liache.

Nililivaa juu ya sweta, nikafunga vifungo vyote, nikainua mkono juu kama ninayeshika bomba la daladala. Kwapa halikuvuta. Nikakumbatia mwili wangu mwenyewe, mgongo haukubana. Mshono wa bega ulikaa nusu sentimita tu nje ya mfupa, na hiyo nusu inahitajika kwa ajili ya sweta. Yule kijana alitaka shilingi 40,000, tukaelewana 32,000.

Yule fundi wa Njombe alipoliona aligusa bega tu, akatikisa kichwa kukubali. Kazi ilikuwa ndogo. Alikata urefu sentimita 10, kutoka 94 hadi 84, pindo likagusa juu ya goti; nilijaribu kwanza na pini kwenye kioo, na lilipokuwa katikati ya ugoko miguu yangu ilipotea. Mkono alipunguza sentimita 3, na hapa muulize fundi wako mapema, maana ule mkanda mdogo wa mkononi lazima usogezwe juu kwanza, la sivyo unabaki ukingoni kabisa. Mkanda wa kiunoni ulikuwa na upana wa sentimita 6, akaufanya 4. Sikutarajia badiliko hilo dogo lingenipa raha kiasi hicho. Mkanda mpana ulikuwa unanigawa vipande viwili. Huu mwembamba naufunga fundo pembeni na mwili unabaki mmoja. Nililipa 9,000, jumla koti zima likanigharimu 41,000, chini ya nusu ya lile la kwanza.

Nimelivaa misimu miwili ya baridi sasa. Upepo haupiti. Manyunyu ya kutoka nyumbani hadi shuleni, kama dakika ishirini kwa miguu, hayaingii, ila mvua kamili inaloanisha mabega, kwa hiyo mwavuli bado unahitajika. Joto lenyewe linatoka kwenye sweta, msidanganyike kwamba trenchi koti peke yake litakutosha Julai. Bitana ilichanika kwapani mwezi wa nne, ikashonwa. Vifungo viwili vililegea mapema. Makoti ya mtumba yashoneni upya vifungo siku ya kwanza, uzi wake umechoka. Na rangi ya kaki inapokea udongo mwekundu wa huku kwa moyo wote, nafua pindo kwa brashi kila Jumamosi.

Mwalimu mwenzangu wa sentimita 153 alilijaribu ofisini wiki iliyopita akakataa kulivua mpaka kengele ikalia. Nimemnakilia vipimo vyangu nyuma ya daftari lake la maandalio, akabadilisha bega kuwa 37. Ijumaa anasafiri kwenda Dar, na futi kamba yangu ameiazima.