Santuri ya "Can I Call You Rose?" ya Thee Sacred Souls: uzoefu wangu wa miezi miwili

Santuri hii ninayo kwa miezi miwili sasa na haijapita wiki sijaiweka. Wimbo wenyewe ulitoka mwaka 2020. Bendi ni ya San Diego, California, na lebo, yaani kampuni iliyoutoa wimbo, ni Penrose ya Riverside, tawi la Daptone. Waliompenda mwimbaji Sharon Jones au Charles Bradley wanaijua Daptone: lebo ya kujitegemea iliyoanza mwaka 2001 na kung'ang'ania kurekodi soul na funk, muziki wa Wamarekani weusi, kwenye mkanda wakati wengine wengi wamehamia kwenye kompyuta.

Kilichonishika kwanza ni utulivu wake. Besi ya Sal Samano ina noti chache, kila moja inajua pa kukaa. Drams za Alex Garcia ni kavu, hazina mwangwi na hazigombani na mtu. Juu yake Josh Lane anaimba kwa sauti laini, hata anapopanda hajikamui. Na anachoomba ni kidogo tu: ruhusa ya kumwita mwanamke Rose, yaani waridi. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tumezoea mpenzi kuitwa waridi, asumini, kilua, bila kuulizwa. Huyu anabisha hodi kwanza, na kwangu adabu hiyo ndiyo inayobeba wimbo mzima.

Nilimwekea baba mdogo. Yeye alikuwa kijana Dar es Salaam mwaka 1969, soul ilipopigwa marufuku kwa kuonekana ni utamaduni wa kigeni, na hadi leo akizungumzia jambo hilo uso unambadilika. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipokwisha akauliza, "Hii ya mwaka gani, mwanangu?" Nikamwambia. Akakataa kabisa. "Hii ni sauti ya RTD," akasema, na hapo nikamwelewa, maana nyimbo za dansi anazozipenda zilirekodiwa Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja huku mkanda ukizunguka. Mpigaji akimsikia mwenzake kwa masikio yake, anajua lini anyamaze.

Nimesikia watu wakisema huu ni uigaji tu wa zilipendwa. Siafiki. Kusini mwa California, inakotoka bendi hii, kwa Wamarekani wenye asili ya Mexico, soul ya polepole ya miaka ya 60 haijawahi kuacha kupigwa, iwe kwenye magari yao ya zamani yaliyoshushwa chini au kwenye sherehe za kifamilia. Ukiurithi muziki namna hiyo, unaupiga kama wako.

Sasa kasoro. Duka la mtandaoni nililoagizia lilifunga mzigo ovyo, kasha likafika limekunjika pembeni, ingawa santuri yenyewe ilisalimika. Nauli ya mzigo ilizidi bei ya santuri, na hilo liliniuma. Tena ni ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, yenye tundu kubwa katikati kama walivyozoea Marekani. Bila kile kipande cha plastiki cha kuziba tundu haikai sawa kwenye mashine. Siku ya kwanza nilibaki naitazama tu, nikalazimika kuazima kwa rafiki. Na tafadhali msiuhukumu wimbo huu kwa spika ya simu. Besi inapotea, na besi ikipotea umebaki na nusu ya wimbo.

Kama unataka kujaribu kwanza, usikilize mtandaoni kwa spika nzuri au hedifoni, usiku nyumba ikishatulia. Ukiupenda, agizeni wawili watatu kwa pamoja mgawane nauli. Mimi nimeshaagiza ya pili, ya baba mdogo, na safari hii kile kipande cha plastiki nimekinunua kabla.