Uzoefu wangu: Tabora hadi Kigoma kwa gari na mahema ya kukodi

Ukiniuliza kama nitasafiri tena na kampuni iliyotukodishia magari na mahema, nitasema ndiyo, kwa sababu ya madereva na mpishi. Mahema yao wabaki nayo.

Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tabora mjini, akina mama wengi na wanaume wachache wa kubebeshwa mizigo. Baada ya mgawo wa mwaka tukakubaliana sehemu ya faida iende kwenye matembezi: tuone Ugalla, tuteremke mpaka Ziwa Tanganyika, tulale kwenye mahema kama wanavyofanya wageni. Kampuni tuliyoipata, ambayo sitaitaja, inatoa huduma nzima: magari aina ya Land Cruiser, madereva, mpishi, mahema, magodoro na vyombo. Bei yao ni ya kichwa, na kiingilio cha hifadhi unajilipia mwenyewe. Hilo ulizeni mapema. Ugalla si pori la akiba tena, tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Sisi tulimalizana na malipo tukiwa bado mjini, penye mtandao. Huko mbele simu inakuwa tochi tu.

Magari hayana lawama. Njia ya Urambo na Kaliua kuelekea Uvinza unapita lami, unapita vumbi, na ukichepuka kwenda porini unakutana na mchanga wa kumeza tairi. Dereva wa gari letu, ambaye wote tulimwita Babu kwa ajili ya mvi zake, alikuwa anashuka kabla ya mchanga, anapunguza upepo kwenye matairi, anavuka, halafu anayajaza tena kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Hatukusukuma gari hata mara moja. Ukiona dereva anaingia mchangani na matairi yamejaa kama ya barabarani, andaa koleo.

Kuna jambo moja dogo lililotutesa kuliko ukubwa wake. Asubuhi ya kuondoka tuligawiwa fulana za bluu zenye nembo ya kampuni, tukapiga picha, tukapendeza. Kwenye miombo ya Ugalla kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa fikiria gari zima limevaa bluu. Mweka hazina wetu ndiye wa kwanza kuivua, akajitupia gauni la kaki, mbung'o wakamwacha na kuhamia kwa jirani yake. Kampuni inayofanya kazi porini ilipaswa kulijua hili bila kuambiwa.

Kambi ya Ugalla ilikuwa tamu. Kiangazi mto unakatika unabaki mabwawa, na viboko wanabanana humo wakigombana usiku kucha, kwa hiyo asiyezoea hapati usingizi. Palahala, yule swala mkubwa, tulimwona jioni, mweusi, pembe zimepinda mpaka mgongoni. Mahema yalisimama vizuri kwa kuwa ardhi ni ngumu na miti inakata upepo. Hapo ndipo nilipomheshimu mpishi. Kabla hajawasha chochote alifyeka majani na kufagia duara pana mpaka udongo ukaonekana, akachimba shimo la moto upande usiopokea upepo, na jiko la gesi akalizungushia kipande cha bati kilichokunjwa. Chai ilichemka upepo ukivuma, na hakuna cheche iliyotoka. Mchana tulitafuna matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga tulizobeba wenyewe, maana chakula cha mchana cha kampuni kilikuwa mkate mkavu na soda ya moto.

Malagarasi tulivuka kwa Daraja la Kikwete, Uvinza tukalala gesti. Sawa tu.

Kasheshe ilikuwa ziwani. Tanganyika ina urefu wa zaidi ya kilomita 670, limelala kusini kwenda kaskazini, na kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unatembea juu yake bila kizuizi. Sisi tulipiga kambi ufukweni, kusini mwa Ujiji, mahali peupe pasipo hata mti. Mahema tuliyopewa ni marefu, mtu anasimama ndani, na vigingi vyake ni vijiti vyembamba vya waya visivyozidi kiganja. Ugalla vilishika. Kwenye mchanga vilichomoka vyote, na hema la kwanza likabingirika na godoro lake kuelekea majini huku mwenyekiti akilikimbilia.

Vijana wawili waliokuwa wanashona nyavu wakaja. "Shikamooni mama zetu. Hivyo vigingi ni vya udongo. Mna viroba?" Tukamwaga mchele na unga kwenye masufuria. Wakajaza viroba mchanga, wakafunga kamba ya hema shingoni mwa kila kiroba, wakavizika kina cha kiwiko, wakashindilia kwa miguu. Milango wakaigeuza ikapeana mgongo na upepo. Mahema mawili yalisimama mpaka asubuhi. La tatu fito zake zilikatika, wenye nalo wakalala garini.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, mwambieni mwenye kampuni asimamishe hema uani kwake mkiangalia. Hema la upepo ni fupi, kifuniko chake cha juu kinafika karibu na ardhi, na lina kamba za kuvuta pande zote, siyo pembeni tu.

Na boti pia iulizeni saa. Kampuni ilitupangia kwenda Hifadhi ya Gombe kutoka Kibirizi, Kigoma, baada ya chakula cha mchana. Nahodha alikataa katakata: "Mama, ziwa la mchana silo la asubuhi." Tukaondoka alfajiri, maji yametulia, tukawaona sokwe, tukarudi kabla mawimbi hayajaamka. Nahodha huyo tulimwongezea cha juu.

Tuliporudi Tabora kampuni ikataka kukata dhamana yetu kwa fito zilizovunjika. Bahati yao mbaya, katibu wetu alikuwa amepiga picha kila kifaa siku ya kukabidhiwa, na kwenye picha fito hizohizo zinaonekana zimezungushiwa gundi ya karatasi, zimeshawahi kuvunjika na kuungwa. Waliiangalia ile picha, wakaitana pembeni. Dhamana ikarudi yote. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za Babu na mpishi.